Nasari Niliyoigeuza Zizi la Ndama

Kosa ni langu, na msinitafutie wa kusaidiana naye. Sikulogwa wala sikuwa mlevi. Nilikuwa na kiburi tu, na kiburi hicho kimekula mtoto.

Shule niliacha darasa la pili. Nilichunga ng'ombe za mzungu hapa Kitale mpaka nikanunua shamba langu mwenyewe. Katikati ya miaka ya themanini, akina mama walipokosa mahali pa kuacha watoto wakienda kupalilia mahindi, ni mimi niliyetoa kiwanja na mabati ya kujenga nasari. Wakanifanya mwenyekiti. Nilipenda sana kuitwa mwenyekiti.

Mwalimu alikuwa Nafula, binti wa kutoka kijiji cha Bokoli. Aliwapikia watoto uji na kuwafundisha nyimbo. Watu wa mradi mmoja wa watoto kule mjini walikuwa wamekubali kutuongezea chumba cha wale wadogo kabisa, na nesi wa kuwapima.

Mjukuu wangu Simiyu alikuwa hapo. Kwetu Wabukusu mtoto hupewa jina la aliyetangulia, na huyu alipewa la baba yangu. Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Ungemsalimia na asikujibu mpaka atake. Basi Simiyu alipofika miaka mitatu haongei, ukimwita hageuki, mimi nilifurahi. "Mzee amerudi," niliwaambia wageni. "Hata dharau yake amerudi nayo."

Siku ya mkutano wa wazazi Mwalimu akasimama. "Mzee, Simiyu hasikii. Masikio yake yanatoa usaha kila mara. Apelekwe hospitali Kitale sasa, bado ni mapema."

Mbele ya watu. Ati damu ya baba yangu ni kiziwi.

Nikamwuliza, "Wewe umezaa wangapi?"

"Sijazaa, Mzee."

"Na yule bwana aliyekurudisha kwenu, si ni kwa sababu hiyo? Sasa mambo ya watoto umeyasomea kwa tumbo gani?"

Wanaume wakacheka. Yeye hakulia. Alichukua sufuria ya uji, akasimama nyuma ya Simiyu, akaigonga na mwiko. Watoto wote waligeuka. Simiyu aliendelea kuchezea mchanga.

Mnajua nilisema nini? "Hata baba yangu hakuwa anageukia kelele za wanawake." Wakacheka tena, mmoja akanipigia makofi.

Wiki hiyo nilimfukuza, nikaingiza ndama zangu kwa ile nasari. Watu wa mradi walikuja na gari, wakakuta mavi, wakageuza. Akina mama wakaanza kufungia watoto ndani ya nyumba wakienda shambani, na hakuna aliyethubutu kuniambia neno.

Isipokuwa Nekesa, mama yake Simiyu. Alipiga magoti nje ya mlango, macho chini, maana mkaza mwana haingii aliko baba mkwe. "Baba, niruhusu nimpeleke hospitali."

"Mpeleke. Na ukitoka huko, pitiliza kwenu."

Hakwenda. Baadaye usaha ulikauka wenyewe, nami nikatembea nikijisifu kwamba mtoto amepona.

Miaka ya tisini akafikia umri wa kutahiriwa. Kwetu kijana mwenyewe ndiye huzunguka kualika jamaa kwa mdomo wake. Wangu alisimama katika boma la wajomba zake kule Kabuchai, watu wamejaa, akatoa sauti kama ya ndama. Watoto walicheka. Watu wazima walitazama chini.

Ni aibu iliyonipeleka hospitali Bungoma, sio huruma. Daktari alimulika masikio kwa tochi, akaniuliza, "Mzee, alipokuwa mdogo hakuna mtu aliyewaambia?"

Nikasema hakuna. Hata hapo nilidanganya.

Akasema masikio yaliharibika zamani, na angeletwa mapema yangetibiwa. Sasa wakati wa kujifunza maneno umempita.

Nekesa alifunga mizigo, akachukua wadogo wake Simiyu. Simiyu mwenyewe nilimkatalia, kwa sababu ya lile jina. Hapo akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Akamshika kijana mabega, akamgeuza anipe mgongo. "Haya, mwite baba yako," akasema. "Tuone kama ataitika."

Akaenda zake.

Siku hizi miguu yangu imekufa, na Simiyu ndiye anayenilisha na kuniosha. Juzi nilimshika mkono, nikamwambia kila kitu, mambo ya Nafula na ya ndama, nikalia, nikamwomba anisamehe. Alitazama mdomo wangu kwa makini sana. Kisha akatoka, akarudi na kikombe cha maji.

Nyinyi wazee wenzangu mnaosoma hapa, mwalimu wa nasari akikwambia mtoto ana shida, usimwulize amezaa wangapi. Mbebe mtoto mwende hospitali siku hiyo hiyo. Mimi nililinda heshima ya marehemu, nikamzika aliye hai.