Mama Picha Agoma Kufomati

Mama Picha alikuwa mjane mwenye studio ndogo kando ya kituo cha mabasi, na ulimi usioogopa mtu. Mtaa mzima, tangu watoto wachanga hadi maharusi, ulikuwa ndani ya diski yake. Ilipokaribia kujaa, akanunua nyingine, akaazimia kuigawa sehemu mbili kwa mkono wake mwenyewe.

"Dada, nisubiri," mdogo wake, fundi wa kompyuta, alimsihi kwenye simu. "Kazi hizi zina wenyewe."

"Na mwenyewe ndiye mimi!"

Diski mpya aliichomeka tundu la kwanza, ya zamani tundu la pili. Kwenye skrini akachagua diski namba moja, akafuta mgawanyo uliokuwamo, yaani mpaka unaoonyesha mafaili yanapoanzia na kuishia. Kumbe kompyuta huanza kuhesabu na sifuri! Namba moja ilikuwa ile ya picha.

Kompyuta ikamwambia diski haisomeki, ikamuuliza kama aifomati, yaani aiandae upya kama diski tupu. Akaacha kila kitu kilivyo, akachukua simu na kusoma alichoweza kuhusu kuokoa diski hadi mdogo wake alipofika.

"Maji yakimwagika hayazoleki, dada. Bonyeza 'ndiyo', uanze upya."

"Toa mkono wako hapo!"

"Lakini humo hamna kitu."

"Nimefuta mpaka. Tangu lini kufuta mpaka kukawa kubomoa nyumba?"

Fundi akacheka, akavuta kiti amtazame dada yake akiumbuka. Mama Picha hakuhifadhi hata herufi moja kwenye diski ile, asije akazifunika picha. Akaendesha programu ya uokoaji, ikaanza kupekua diski kutafuta ule mpaka ulipoanzia na ulipoishia. Wateja aliwarudisha mlangoni. Kesho yake mchana programu ikaupata. Akaurudisha palepale, bila kufomati.

Picha zikafunguka: bibi harusi aliyepiga chafya, mapacha wanaogombania kofia, marehemu mumewe ameshika taa ya studio. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Fundi akakohoa. "Haya, nipe hiyo mpya nikugawie."

"Nani kakutuma?"

Kwanza Mama Picha akanakili picha zote kwenye diski ya tatu, ya akiba. Kisha akazichomoa zote mbili zenye picha, akazifungia kabatini. Akakagua ukubwa wa diski mpya iliyobaki, si namba yake tu, akaigawa.

"Na usogeze hicho kiti," akamwambia mdogo wake. "Unanizibia mwanga."