Ukurasa Uliosema Asante Mapema

Kimandolu, ukiacha barabara kubwa na kushika ile ya vumbi inayopanda, kuna duka dogo la steshenari lenye benchi moja nje. Mwenyewe anaitwa Twahir. Watu wa rika lake wanamwita fundi redio mpaka leo, ingawa ni miaka mingi tangu redio ya mwisho itoke mikononi mwake imepona. Simu zilipoenea, redio zikaacha kuletwa, na Twahir akabaki na bisibisi, nyaya, na mchana mrefu usio na kazi.

Wakati huo chumba cha jirani alikuwa amepanga kijana wa chuo, Gidion, mtu wa Singida. Gidion alikuwa anatengeneza tovuti, na alikuwa anaandika kwa PHP, lugha ya kompyuta inayochukua kile ulichojaza kwenye ukurasa na kukipeleka kwenye kanzidata, yaani lile jedwali la ndani ambamo majina na namba hukaa. Twahir akaanza kuchungulia. Kuchungulia kukawa kuuliza, kuuliza kukawa kuvuta kiti. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba, kwa hiyo kila kompyuta ilipogoma na kutoa maandishi, aliyasoma kwa sauti, neno moja moja, na Gidion akamfafanulia huku anafua nguo nje. Gidion alipomaliza chuo alimwachia kompyuta kuukuu. Ile tabia ya kusoma kwa sauti nayo ikabaki.

Siku hizi ndiyo sheria ya lile benchi. Vijana wanaoanza kujifunza wanamletea matatizo yao, wengine wanatoka mpaka Olasiti, naye kabla hajagusa kitu atasema, "Nisomee kosa linasemaje. Kwa sauti." Wengi wakifika katikati ya kusoma wanajipiga kofi la paji la uso na kuondoka bila hata kukaa.

Basi Ijumaa moja, adhuhuri ikikaribia, akaja Prisca, binti wa Nkoaranga, laptopu kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Alikuwa na miezi minne tu tangu aanze PHP, lakini usharika wao ulikuwa umemwomba atengeneze ukurasa wa kuandikisha wazee. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja wiki inayofuata kutoa mtoto wa jicho. Orodha ilitakiwa iwafikie Ijumaa ile ile, saa kumi jioni. Asiyekuwemo angesubiri mwaka mwingine.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Nisomee kosa."

"Hakuna kosa, babu. Ndiyo shida yenyewe."

Akaeleza. Asubuhi ile alichapa orodha, akamtafuta bibi yake mzaa baba, Bibi Anande, hakumwona. Na alimwandikisha kwa mkono wake mwenyewe! Ukurasa ukamjibu: Asante, umeandikishwa. Akamwandikisha tena, ukamjibu asante tena. Kwenye orodha bibi hayumo.

"Haoni hata kijiko, babu. Uji anaupapasa," Prisca akasema.

Twahir akamwambia amwandikishe bibi mara ya tatu, hapo hapo mbele yake. Asante, ukurasa ukasema. Wakafungua jedwali. Hakuna kitu.

"Huu ukurasa una adabu sana," Twahir akasema. "Nani ameuambia useme asante?"

"Mimi."

"Useme wakati gani?"

Prisca akatazama mistari yake. Mstari wa kupeleka jina uko hapa, wa asante uko chini yake, na katikati hakuna anayeuliza kama jina limepokelewa.

"Umemtuma mtu sokoni, hata hajarudi umeshamshukuru kwa mboga," Twahir akasema. "Na makosa yamekwenda wapi? PHP haijawahi kukosa la kusema."

Prisca akainama. "Niliyafunga."

Siku ya kwanza alipowaonyesha wazee wa kanisa ule ukurasa, onyo la Kiingereza lilitokea juu kabisa. Mzee mmoja akauliza kama kompyuta imeingiwa na virusi. Mwingine akasogeza kiti nyuma, akasema heri turudi kwenye karatasi. Kwa aibu Prisca akatafuta mtandaoni mstari wa kunyamazisha makosa, akaubandika juu, na tangu siku ile ukurasa ukawa kimya, mtulivu.

Twahir alicheka mpaka akavua kofia. Mara adhana ikasikika.

"Mimi nakwenda Ijumaa. Wewe pale ulipoziba ndipo uzibue, halafu uandikishe bibi tena. Ukiliona kosa, lisome kwa sauti, hata kama ni benchi tu linalokusikia. Mteja wa fotokopi akija, bonyeza kitufe cha kijani."

Aliporudi alimkuta Prisca amesimama mlangoni.

"Babu, limesema!"

"Haya, nisomee."

Akasoma Kiingereza chake polepole, kisha akakiweka kwa Kiswahili: namba hii ya simu imo tayari, haiwezi kuingia mara ya pili. Ile sheria aliiweka mwenyewe. Somo alilojifunzia mtandaoni lilisema kila mtu atambulishwe kwa namba yake ya simu, ili asijiandikishe mara mbili, naye akafuata kama lilivyo.

"Namba ya bibi yako ni ipi?"

"Bibi hana simu, babu. Niliweka ya Mzee Sadoki, yule mzee wa kanisa. Yeye ana sola, simu yake haizimi. Njia yetu nzima, ukitaka kumpata mtu, unapiga kwa Sado..." Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Malizia."

"Njia nzima wameandika namba yake. Yeye ndiye aliyewajazia."

Kurekebisha hakukuchukua muda. Waliiondoa ile sheria ya simu, wakaliacha jedwali limpe kila mtu namba yake lenyewe. Kisha wakaufundisha ukurasa kungoja: jedwali likikubali, useme asante, likikataa, useme wazi kwamba hujaandikishwa. Saa nane na nusu kazi ilikuwa imekwisha. Lakini majina yaliyokataliwa hayakuwa yamehifadhiwa mahali popote. Yalifika mlangoni yakapotea.

Prisca akampigia Mzee Sadoki, simu ikawekwa juu ya meza, sauti wazi.

"Mzee, uliandikisha watu wangapi?"

"Arobaini na wawili. Na wa kwanza mimi mwenyewe, nilitaka nijaribu kwanza kama inafanya kazi."

Prisca akamtazama Twahir. "Mzee, ni wewe peke yako uliyeingia."

"Ati?"

"Wengine wote wamekataliwa kwa sababu ya namba yako."

"Kumbe nimeingia nikafunga mlango! Na mimi ni mzee wa kanisa! Jirani yetu Fransiska akijua hili, nitahama Nkoaranga."

"Una daftari la majina, mzee mwenzangu?" Twahir akauliza.

"Daftari la nini? Mimi nina njia. Andikeni." Wakamsikia akivuta pumzi kama mtu anayejiandaa kupanda. "Tunaanzia chini, darajani. Nyumba ya bati jekundu, Abdiel Nanyaro, jicho la kushoto. Ukivuka shamba lake la kahawa, Fransiska Kaaya, yote mawili. Sasa hapa kuna mteremko, taratibu, nisije nikamruka mama Simel."

Akapanda ule mlima hivyo hivyo, nyumba kwa nyumba, mgomba kwa mgomba. Twahir aliandika kwa vidole viwili kwenye kompyuta ya duka. Prisca alilitazama jedwali kwenye laptopu, na kila jina lilipotokea akatamka hesabu. "Kumi na saba." "Ishirini na tisa." Mara mbili Sadoki alirudi nyuma kidogo kwa sababu alipita nyumba iliyojificha nyuma ya migomba. Walipofika arobaini na moja alikuwa anahema kweli.

"Sasa juu kabisa, kwa Anande. Na nimekaa kwake, huyu hapa anataka simu."

"We kijana," ikaja sauti ya bibi, kavu, "jina langu limepotea mara mbili. Safari hii andika vizuri."

"Nimeshaandika, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nisomee."

Twahir akasoma kwa sauti: Anande Mbise, miaka themanini na moja, macho mawili.

"Haya. Asante, kijana."

Prisca akazitazama mvi za Twahir, akaanza kucheka. Twahir akaweka kidole mdomoni kumwashiria anyamaze.

Orodha iliondoka saa kumi kasoro dakika nane. Prisca akanyanyuka kushukuru, Twahir akamzuia. "Ngoja kwanza wajibu." Wakakaa wanaitazama laptopu. Jibu likaja: tumepokea, wote wapo. Hapo ndipo alipomruhusu ashukuru, na binti akashukuru huku analia.

Wiki tatu baadaye Prisca alirudi na mkungu wa ndizi mshare, na nyuma yake bibi mwembamba anayetembea bila kushikwa mkono. Bibi alisoma kwanza kibao cha duka, herufi moja moja. Akaitazama mashine ya fotokopi. Akatazama huku na huku.

"Yuko wapi yule kijana?"

"Ndiye huyu, bibi."

Anande akamtazama Twahir kuanzia kofia mpaka ndala, bila haraka, kama mtu anayechagua kitambaa.

"Huyu? Na mvi zote hizi? Ulinidanganya kwenye simu!"

"Sikukudanganya, mama. Hukuniuliza."

"Sasa nimeona mwenyewe," bibi akasema. Akamshika mikono yote miwili, akaendelea kumtazama, na Twahir hakujua aelekeze macho wapi.

Jioni ile, baada ya magharibi, alimpigia Gidion huko Singida.

"Kuna nini, mzee?" Gidion akauliza. "Soma kosa linasemaje."

"Leo hakuna kosa. Nimepiga kukushukuru. Nimechelewa miaka, nisamehe."

"Kunishukuru kwa lipi?"

Twahir akaivuta nakala ya ile orodha karibu na taa. "Nyamaza, nikusomee," akasema, akaanzia chini, darajani. "Abdiel Nanyaro, jicho la kushoto. Fransiska Kaaya, yote mawili..."