Kinyozi Aliyejiharibia Jina

Watu wa mtaa ule walikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe ni kiti cha dirishani. Duka la kinyozi lilikuwa na viti vitatu, vinyozi watatu, vioo vitatu vinavyong'aa, lakini ingia asubuhi yoyote ujionee maajabu. Viti viwili vitupu, vinyozi wawili wamekunja mikono, na kwenye benchi watu sita wamebanana wakimsubiri mwenye duka. Ukimwambia mmoja wao, "Karibu huku, pako wazi," anakuangalia kana kwamba umemtukana. "Nitasubiri," anasema. "Yule anakijua kichwa changu."

Jamani, kichwa ni kichwa! Kina mbele, kina nyuma, kina masikio mawili. Lakini nenda kawaambie.

Mwenye duka alikuwa na miaka arobaini na minne, na kwa muda mrefu maneno hayo yalimvimbisha kichwa. Nani asingependa? Alianza na kiti cha plastiki barazani na mashine ya kuazima, akajenga jina taratibu, mteja mmoja mmoja. Jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika kabisa. Wakubwa kwa wadogo walimwita Fundi, utadhani mtaa mzima haukuwa na fundi mwingine.

Kisha mkewe, ambaye ni muuguzi, akahamishiwa hospitali ya mji mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima. Akaenda na watoto, binti wa miaka saba na mdogo wake wa kiume wa miaka miwili. Mpango ulikuwa Fundi abaki mwaka mmoja, aliweke duka sawa, halafu awafuate. Sasa mwaka huo mmoja ulikuwa umefika wa saba.

Tuseme ukweli, hakuwa mzembe, wala hakuwa na mwanamke mwingine, ingawa majirani walimtafutia mmoja kwa bidii zote. Duka ndilo lililolipa pango la nyumba kule na ada za shule, na duka lenyewe lilikuwa ni yeye. Kila alipoondoka, hata kwa wiki mbili tu, wateja waliacha nywele zikaota kama magugu wakimngoja, au wakahamia kwingine. Akirudi anakuta mashine zina vumbi. Basi akawa anakwenda kwa familia yake mara mbili kwa mwaka, siku nne nne, kisha anarudi mbio.

Safari ya mwisho ndiyo iliyommaliza. Alifika, mwanawe akamwamkia vizuri, akasema, "Karibu, baba, keti." Binti akamletea chai kwenye kikombe cha wageni, kile chenye kisahani chake. Hawakumkosea hata chembe. Walimheshimu, tena sana, na hapo ndipo palipomchoma, maana mtoto hamkaribishi baba yake kiti nyumbani kwake. Alitamani wamzoee mpaka wamchoke. Alitamani kuwagombeza kwa taa walizoacha zikiwaka, kugombania nao bafu asubuhi, kumsikia binti akisema, "Aa, baba naye!" Kwenye basi la kurudi alijifunika uso kwa kofia, na abiria mwenzake akadhani amelala.

"Mama watoto, nakuja kukaa," alimwambia mkewe kwenye simu. "Nipe tu muda niwazoeshe wateja."

"Baba watoto, wimbo huo naujua mpaka kiitikio," mkewe akajibu. Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Fundi akajaribu njia za watu wenye akili zao. Aliwafundisha wenzake wawili kila alichokijua. Mmoja aliitwa Kimya, jina alilobandikwa kwa sababu hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Wa pili alikuwa shemeji yake, mke wa marehemu kaka yake, mwenye mkono mwepesi hata watoto wachanga walisinzia akiwanyoa. Wote wawili, usimwambie mtu, walikuwa hodari kama yeye, na kwa kuchonga ndevu shemeji alikuwa ameshampita. Fundi akapunguza bei kwenye viti vyao. Akabandika tangazo. Akajificha chumba cha nyuma kutwa nzima, na wateja nao wakasubiri kutwa nzima. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu alifunua pazia, akamkuta ameketi juu ya ndoo.

"Ukimaliza kupumzika, Fundi, mimi nipo," akasema, akarudi kwenye benchi.

Hapo hapo juu ya ndoo wazo likamjia. Kama jina lake ndilo lililomfunga pale, basi ilimlazimu kuliharibu mwenyewe.

Alianza na huyo huyo mwalimu. Alimnyoa vizuri kote, halafu nyuma ya sikio la kushoto akaacha kishungi cha nywele. Mkono ulikataa. Kweli kabisa, mara mbili ulirudi wenyewe kukiondoa, ikabidi aushike kwa mkono wa pili kama anayekamata mwizi. Mwalimu akajitazama kiooni, akageuza shingo, akapapasa. Hakulalamika. Alisimama, akajipangusa kola, akampigapiga Fundi begani.

"Umri huo," akasema kwa huruma. "Sote tunaelekea huko."

Arobaini na minne! Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Lakini akaendelea. Wiki hii mstari wa paji unapanda kidogo upande wa kulia, wiki ijayo kisogo kinabaki na ngazi. Habari ikatembea mtaani kwamba macho ya Fundi yamekwisha. Muuza mboga akamletea dawa ya matone. Mteja mmoja akamshauri ale karoti, mwingine akamvuta pembeni na kumuuliza kwa sauti ya chini kama anakunywa. Na mmoja mmoja, kwa aibu, wakisingizia haraka, wakaanza kuhamia viti vya ndani. "Leo acha nikae kwa shemeji, nina kikao." Kila aliyehama, Fundi alisikia kama anang'olewa jino. Jioni alifagia nywele zilizokatwa na wenzake, na siku nyingine alisimama na ufagio mkononi akiukumbuka uzito wa mashine.

Aliyemgundua ni Kimya. Alingoja mteja wa mwisho aondoke, akarudishia mlango.

"Kaka, macho yako yana nini?"

"Yamechoka."

"Acha hizo. Asiyeona anakosea ovyo, wewe unakosea kwa vipimo. Kishungi cha jana nusu inchi, cha leo nusu inchi. Unatufanyia nini hapa?"

Fundi akamweleza yote, mpaka kikombe na kisahani chake. Kwa mara ya kwanza Kimya akastahili jina lake. Alikaa akizungusha brashi vidoleni.

"Mimi wangu wanalala chumba cha pili, na bado nachelewa makusudi kurudi nikwepe kelele zao," akasema mwishowe. "Nenda, kaka. Huyo mwalimu niachie. Nitampigia soga mpaka asahau kama ana masikio."

Ilichukua miezi minane. Siku moja Fundi alifika dukani saa nne, makusudi, akakuta benchi limejaa. Kwenye kiti cha dirishani alikaa mwalimu, amefumba macho, Kimya anamnyoa na kumsimulia. Hakuna aliyeinua kichwa kwa furaha. Watu wawili wakasogea kumpa Fundi nafasi, kwa heshima, kama wanavyompa mgonjwa.

"Shemeji, kuna kitu unahitaji?" mke wa kaka yake akauliza.

Hakuhitaji kitu. Alikuwa amekipata alichokitafuta. Akaingia chumba cha nyuma, akalia kidogo, akanawa uso, na Jumamosi hiyo akafungasha.

Mkewe alimpokea kituoni. Akalitazama sanduku, akalinyanyua upande mmoja kupima uzito, akacheka huku machozi yanamlengalenga. "Mwanaume wewe!" akasema, akaongoza njia ya nyumbani.

Duka halikumpigia simu. Wiki ya kwanza shemeji alituma ujumbe: "Salama, usijali." Wiki ya pili hata huo haukuja. Fundi alifurahi na kunyong'onyea kwa wakati mmoja.

Kitu ambacho hakukiwazia ni kwamba na nyumba nayo ilikuwa inakwenda bila yeye. Bomba likivuja, binti alijua kufunga maji na alijua fundi wa kumwita. Mwana alijipigia pasi sare zake. Mama yao akiwa zamu ya jioni, wawili hao walipika, wakala, wakaosha vyombo, wakipishana jikoni bila hata kuangaliana, na Fundi akisimama mlangoni aliambiwa, "Samahani, baba, nipite." Akinyoosha mkono aoshe sahani, imeshaoshwa. Alikaa nao sebule moja, goti kwa goti, na bado aliwakumbuka vilevile kama alivyowakumbuka kwenye basi. Hilo lilimtisha, kwa sababu sasa hapakuwa na basi la kulilaumu.

Jumapili ya tatu, alasiri, binti alikuwa mezani akiandika zamu za wiki: nani afagie, nani afue, nani aende sokoni.

"Baba, unaondoka lini?" akauliza bila kuinua macho. "Nijue tu, kwa ajili ya mkate."

"Siondoki."

Kalamu ikasimama. Binti akamgeukia mama yake aliyekuwa akikunja nguo, kuuliza kama maneno hayo ni ya kuaminika. Mama akaendelea kukunja.

"Ulisema hivyo nikiwa darasa la pili," binti akasema. Hakuwa na ubaya, alikuwa anakumbusha tu.

"Nilisema," Fundi akajibu. "Niweke na mimi kwenye zamu."

Binti akaisoma karatasi kutoka juu mpaka chini. Kila kazi ilikuwa na mwenyewe. Akaisoma tena.

"Labda kufunga mlango wa nyuma," akasema. "Lakini mlango huo una ujanja wake. Njoo nikuoneshe."

Ulikuwa mlango wa mbao, umevimba kwa mvua, bawaba ya juu imelegea. Binti akaunyanyua kwa kitasa, akausukuma kwa goti, komeo likaingia mara moja. Akaufungua, akasogea pembeni. Fundi akajaribu, komeo likagoma. Akasukuma kwa nguvu zaidi.

"Siyo nguvu, baba. Inua kwanza."

Akainua. Likagoma tena. Jasho likamtoka, mkono uliosifiwa mtaa mzima ukawa umeshindwa na kipande cha chuma. Binti akaangalia ndani, alikoacha karatasi yake, na Fundi akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa, kwamba sasa atasema, basi baba, acha, nitafunga mimi.

"Tena," binti akasema, akaketi kwenye ngazi kumngojea.