Ulimi wa Skolastika

Pale Rasbura, mjini Lindi, mtu akishakamua mabibo ya mikorosho yake na kupata uraka, hauzi hata kikombe kimoja kabla Skolastika hajauonja. Hakuna aliyetunga sheria hiyo. Ilianza tu yenyewe, miaka mingi nyuma, ilipogundulika kuwa mama huyu wa Kimakonde ana ulimi usiobembelezeka. Anapiga funda moja, anatazama pembeni kama mtu aliyeitwa na jirani, kisha anasema, "Ngojeni mpaka jioni," au, "Hii uzeni leo leo." Akiwa amechukia husema, "Aliyekamua hakuosha ndoo." Wakienda kuangalia, kweli ndoo haikuoshwa.

Wanywaji nao wana desturi yao. Mwenye pombe hunywa wa kwanza mbele ya wateja, wamwone akimeza, ndipo na wao wapokee kikombe kwa amani. Lakini kwa uraka uliopita mikononi mwa Skolastika hawakujihangaisha. Waliuliza tu, kwa jina walilozoea kumwita, "Mama Devota kaonja?" Wakijibiwa ndiyo, walivuta viti wakakaa.

Sasa, jambo ambalo Rasbura nzima haikulijua ni kwamba ulimi huo ulikuwa umekufa. Ulikuwa mwaka wa pili sasa. Aliugua homa na mafua makali, akalala kitandani wiki kadhaa, na alipoinuka alikuta uji umegeuka maji ya moto na samaki hana tofauti na kitambaa kilicholowa. Pua nayo haikutambua hata dagaa walioanikwa mlangoni. Hospitali walimmulika puani kwa tochi, wakampa vidonge, wakamwambia atazoea. Hakuuliza atazoea nini.

Hakumwambia mtu. Ungekuwa wewe, ungesema? Mwanamke ambaye heshima yake yote mtaani inakaa mdomoni, atoke barazani atangaze kuwa mdomo sasa ni tundu tupu? Akaamua kudanganya, na katika udanganyifu alikuwa fundi vilevile. Alitega sikio kwenye ndoo asikie povu linavyochemka. Alisugua matone kati ya vidole. Alimeza akapima ukali unavyoshuka kooni, maana koo lilikuwa zima bado. Zaidi ya yote, alimtanguliza Devota, binti yake wa mwisho aliyekuwa akiishi naye.

"Onja wewe kwanza, nione kama unajifunza."

Devota anaonja, anakunja uso kidogo. "Umeanza kuchachuka, mama."

"Ndivyo," anasema Skolastika, na watu wanamsifu kuwa anamrithisha mtoto kazi.

Lakini uraka haukuwa kilichomliza. Kilichomliza ni Klementi, mumewe. Marehemu Klementi alikuwa muuza kahawa, Mkatoliki peke yake katikati ya wauza kahawa wa Kiislamu wa mji mzima, na kahawa yake ilikuwa na sifa moja, kuungua. Aliikaanga mpaka punje zinang'aa nyeusi na moshi unawatoa majirani ndani, kisha akaitia tangawizi na kuibeba kwenye dele lake la shaba. Wazee wa barazani walimtania kwamba anawauzia mkaa, na kesho yake wakamngoja. Mwenyewe alinukia hivyo hivyo, nywele, viganja, mpaka shati la kwenda kanisani.

Alipofariki, Skolastika alilitunza shati moja kwenye sanduku la bati, bila kulifua. Akizidiwa na upweke, alifunua sanduku, akaingiza uso, na Klementi alikuwapo. Hata harufu ilipofifia, pua yake ilijua pa kumtafuta, kwenye kola. Baada ya ile homa alifunua sanduku akakuta nguo tu. Alilitikisa shati, akalikunja upya, akajaribu tena kesho yake na keshokutwa. Alikuwa amefiwa mara ya pili, na safari hii hakuna aliyekuja matangani.

Basi mwaka wa tisini na saba, Novemba, mvua zile kubwa zilipokuwa zimeanza kuharibu barabara ya kusini, mwanawe Edwin alifika kutoka Dar es Salaam, suruali imejaa matope mpaka magotini. Edwin alikuwa mpishi katika hoteli moja ya wageni. Ilikuwa miaka ya soko huria, nchi imefunguliwa milango na madirisha, na bia za kila taifa zilikuwa zikiingia, za kopo na za chupa, mpaka Lindi vijana waliacha uraka wakatembea na makopo matupu mkononi ili waonekane. Skolastika alidhani mwanawe kaleta moja ya hizo.

Jumapili baada ya misa, Edwin alitoa mkobani chupa iliyofungwa ndani ya taulo. Ilikuwa bia nyeusi. Alisimulia kuwa mhandisi wa Kimarekani, aliyekaa hotelini miezi mingi akifunga mitambo ya simu, aliagiziwa chupa chache kutoka kwao, akampa yeye mbili. Moja aliinywa. Hii ya pili ameibeba kwa ajili ya mama.

"Kwa nini hukuinywa na hii?" aliuliza Devota.

"Mama aonje, ndiye atakayesema kwa nini. Mimi simtilii maneno mdomoni."

Bi Mwahija, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele. Pombe haigusi maishani mwake, lakini majaribio ya Skolastika hakosi hata moja. Hakukuwa na pa kukimbilia.

Edwin alimimina polepole, akiinamisha bilauri. Alieleza kwamba bia hii hainywewi ya baridi, na kwamba ukali wake ni mara mbili ya bia ya kawaida, kwa hiyo mtu asiipige kama soda. Ilitoka nzito, nyeusi tii. Alipoinyanyua mbele ya mlango, mwanga haukupita. Povu lilikuwa la kahawia, dogo dogo, likashuka bila haraka na kuacha alama kwenye kioo.

"Devota, anza wewe," alisema Skolastika.

"Hapana," alisema Edwin. "Leo mama kwanza."

Aliipokea. Akatega sikio, povu halikusema kitu. Akachovya kidole akasugua, ikanata kidogo. Akapiga funda, akaizungusha mdomoni kama alivyofanya miaka yote, na mdomoni mlikuwa na unyevu, uzito, basi. Ikashuka. Kooni ukaja moto mpole, ukatua kifuani. Alitazama pembeni. Alitazama muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Nzito," alisema. "Aliyeipika hana haraka. Kali, lakini ukali wake umetulia."

"Na nini tena?"

"Imeiva."

"Na nini tena, mama?"

Edwin, mtoto wa watu, alikuwa ameinama mbele, macho yanang'aa, kama alivyokuwa akiinama zamani kusubiri ukoko wa ubwabwa. Skolastika alipiga funda la pili. Hakuna. La tatu. Alimwomba Mungu ampe kitu kidogo, hata uchungu, hata uchachu. Alikuwa akigonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

Devota aliona mama anapiga funda juu ya funda. Akaichukua bilauri, akanywa kidogo, na bilauri ikabaki imesimama hewani.

"Baba," alisema.

Alisema hivyo tu, kama mtu aliyemwona akipita dirishani. Kisha akaanza kulia.

Bi Mwahija aliweka ungo chini. "Hebu nipe hicho. Sinywi, nanusa tu, Mungu ananiona." Aliivuta harufu, akafumba macho. "Lailaha. Mzee Klementi huyu hapa. Huu si ndio mkaa wake? Jamani, marehemu mume wangu angekuwepo angelilia kashata."

Edwin alikuwa akicheka na kufuta machozi. Mpikaji ametia kahawa ndani, alisema, kahawa iliyokaangwa mpaka basi, na yeye alipoinywa ile ya kwanza jikoni hotelini aliweka kisu chini, akashindwa kuendelea na kazi. Alipanga mama atambue mwenyewe. Kisha akamgeukia.

"Lakini mama, wewe hukumjua?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Maneno yalifika mpaka kwenye meno.

"Nilimjua tangu ulipofungua," alisema Skolastika. "Nilitaka nione kama na ninyi mtamjua."

Wakamwamini. Hilo ndilo lililomuumiza kupita yote, kwamba walimwamini upesi hivyo. Machozi yakamtoka, nayo wakayaelewa kwa namna yao. Bi Mwahija alimshika bega akamwambia, "Lia, mama Devota, huyo ni mumeo." Edwin akamjazia bilauri, akasema iliyobaki ni yake yote, kwa sababu mhandisi ameshaondoka na bia ile haipatikani tena. Naye akanywa. Alikunywa mpaka tone la mwisho, akimtafuta Klementi kwenye kila funda, na alichopata ni kichwa kizito na usingizi wa mchana ulioishia magharibi.

Alipoamka, Edwin alikuwa ameenda kusalimia ndugu. Devota alikuwa ameichukua chupa, hakuisuuza, ameiziba kwa gunzi na kitambaa na kuilaza ndani ya sanduku la bati juu ya shati.

"Nimeiweka kwa baba," alisema, na Skolastika akaitikia kwa kichwa.

Edwin alirudi kazini kwake. Uraka wa msimu ule ukaisha, na msimu mwingine ukaja, na watu wakaendelea kuleta vikombe. Skolastika hakuligusa sanduku. Jumapili moja alikuwa amekaa kizingitini anasuka ukili, akamsikia Devota ndani akifunua bati, kisha kitambaa kikitolewa, kisha pumzi ndefu ikivutwa. Bati likafunikwa. Devota akatoka, akaketi karibu yake, akachukua ncha ya pili ya ukili.

"Bado ananukia, mama," alisema.

Skolastika hakuwa amemuuliza. Mikono yake ilisimama, kisha ikaendelea kusuka. Alielewa kuwa binti yake anajua, na pengine alijua siku nyingi, tangu ndoo za uraka.

Tangu hapo Devota hufunua sanduku kila Jumapili, na kila Jumapili hutoka na maneno yale yale, bado ananukia. Mwaka umepita sasa, na gunzi limekauka limelegea. Skolastika huitikia, "Haya, mwanangu." Kama ni kweli, au kama mtoto anamwonea huruma tu, yeye hana namna ya kujua.