Bunduki ya Upepo ya Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga ukimnyima kusema umemtia homa. Basi nikaolewa huku Masumbwe, kwenye kaya ambayo baba mkwe na mke wa mwanawe hawasemezani uso kwa uso. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anapisha pembeni kwa heshima. Ukiwa na neno na baba mkwe unamwambia mama mkwe, naye anamfikishia, na jibu linarudi kwa njia ileile, hata kama wote watatu mmekaa ua mmoja mnatazamana.

Isitoshe, mzee alikuwa anasema Kisukuma tupu. Kiswahili anakijua, ila kwake ni lugha ya mnadani na ofisini, si ya nyumbani. Mimi Kisukuma changu kilikuwa cha salamu, cha "wabeja", yaani asante, na cha kufukuza mbuzi. Kwa hiyo kila neno lake lilinifikia kupitia kwa mama mkwe, na mama mkwe, Mungu ampe maisha marefu, hajawahi kufikisha neno bila kulitia chumvi.

Mzee alikuwa na vitu viwili alivyovipenda kuliko sisi sote. Cha kwanza bunduki ya upepo, ile ya springi, unaikunja katikati kuikaza kisha unatia kirisasi kidogo kama punje ya mtama. Aliikatia kibali enzi za nguvu zake, kwa ajili ya ndege wa kwenye mpunga. Cha pili kengele ya ng'ombe, ya chuma, nzito, yenye sauti inayofika hadi ng'ambo ya bonde.

Kengele hiyo ilikuwa ya kushindaniwa. Kila mwaka, mpunga ukishaingia ghalani, mzee na jirani yetu, mtani wake tangu ujana, hulenga vizibo vya soda. Anayeshinda humfunga kengele ng'ombe wake anayeongoza kundi, na inakaa kwake mpaka mavuno mengine. Mzee aliikalia miaka mingi hata sisi tukaiona ni mali ya kaya.

Halafu macho yake yakaingia ukungu. Akawa jioni anakaa mlangoni, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Kengele ikilia bondeni uso wake unachanua: anajua ng'ombe wamevuka mto, anajua wamefika kwenye michongoma, anajua wameingia zizini. Hakuwaona tena, lakini kila jioni alirudi nao. Nilimpenda sana saa ile, ingawa hakuna mtu wa kumtuma akamwambie.

Mwaka jana mpunga haujakomaa, mtani akaja amejaa kicheko. "Nimekuja kupima shingo ya ng'ombe wangu! Au mwaka huu kipofu atalenga kwa pua?"

Utani ndio huo, na mzee alicheka. Ila niliona vidole vyake vikiipapasa fimbo, na roho ikaniuma. Kanuni yao ilikuwa kwamba mzee anaweza kuwakilishwa, mradi anayelenga awe amekula chungu cha kaya msimu mzima. Mume wangu yuko kwenye mashimo ya dhahabu Geita, huja mara mojamoja, hahesabiki. Mama mkwe alisema bunduki inampa kichefuchefu. Mdomo wangu ukaiwahi akili.

"Nitalenga mimi."

Mzee akanong'ona kitu. Mama mkwe akageuka. "Anauliza, unajua kushika bunduki?"

"Mwambie najua kushika mwiko. Mengine atanifundisha."

Mzee akaangua kicheko kabla hajatafsiriwa chochote.

Tukaanza. Vizibo tulivigongomelea kwenye ubao, ubao tukauegemeza kwenye kichuguu nyuma ya zizi, mahali pasipopita mtu. Mzee akakaa kwenye kigoda amenipa ubavu kama adabu inavyotaka, masikio wazi. Katikati yetu mama mkwe anapepeta mchele. Mzee anasema, mama mkwe anapokea na kuninong'oneza chini ya kelele za ungo, mzee hasikii:

"Anasema kaza. Ishike kama mchi."

Nikakaza. Kirisasi kikazama kwenye udongo, pu! Mzee akasikia, akasema tena kwa upole.

"Anasema kaza zaidi, isije ikaanguka bunduki ya watu."

Lahaula! Nilikaza mpaka meno yakaniuma na bega likavilia damu. Leo kirisasi kinakwenda kushoto, kesho juu, keshokutwa sijui hata kimekwenda wapi. Mzee akawa anatikisa kichwa, nami nikawaza, huyu mzee alishindaje miaka yote hii kwa ujuzi huu? Siku moja nikaitua bunduki, nikamnong'oneza mama mkwe, "Mama, mwambie kama hataki nilenge aseme tu, asinitese!" Alichofikishiwa sijui. Niliona tu mzee amenyong'onyea, na mimi nikaenda kulia jikoni kwa hasira.

Jumamosi moja mume wangu akaja, ameshuka kwenye bodaboda na vumbi lake la Geita. Akaegemea zizi karibu na mama yake, anatafuna michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, anatutazama. Mzee akasema neno. Mama mkwe, bila kuinua macho kwenye ungo, akanipa langu: "Anasema ibane vizuri."

Mume wangu akapaliwa. Akakohoa, akacheka, akakohoa tena. "Mama! Baba amesema ailegeze! Amesema asiibane kabisa!"

Mama mkwe hata hakushtuka. "Alichosema nimekisikia. Kitu chenye kishindo vile ukikilegeza si kitamvunja taya mtoto wa watu? Nimetwanga tangu utoto, sijaona mchi unaolegezwa."

Jamani! Tulicheka mpaka mbuzi wakatawanyika. Mzee alipoelezwa yaliyokuwa yakinifikia, alijipiga paja, akafuta machozi, akacheka upya. Kumbe na yeye wiki zote hizo aliamini ameletewa mkwe kichwa ngumu.

Jioni ile mume wangu akawa mdomo wa baba yake, na nikapata somo lenyewe. Springi ikifyatuka, alisema mzee, bunduki inaruka mbele kisha inarudi nyuma, na hayo yote yanaanza kabla kirisasi hakijatoka mtutuni. Huwezi kuizuia. Ukiibana, leo unaibana hivi na kesho vile, nayo kila mara inaruka kivyake. Iache iruke, ila iruke vilevile kila siku. Kiganja cha kushoto kiwe wazi, bunduki ilale juu yake kama mtoto mchanga, mahali palepale. Kitako kiguse bega tu. Usiiegemeze juu ya jiwe wala nguzo. Toa pumzi, vuta triga polepole hadi ikushtue wewe mwenyewe. Na ukishafyatua usiinue kichwa, endelea kulenga mpaka pawe kimya.

"Anasema wewe mdaku," mume wangu akaongeza, "ndiyo maana unainua kichwa kutazama."

"Mwambie amenijua."

Nikalegeza. Ting! Kizibo kikaimba, na mimi nikaruka kama mwanafunzi aliyefaulu. Kuanzia siku ile kulenga kukawa raha yangu. Mama mkwe aliapa kutafsiri neno kwa neno, nami nikajifunza Kisukuma haraka, maana kiapo chake nilikijua.

Siku ya mashindano watu walijaa. Vizibo vitatu kila mmoja. Mtani akatangulia: akapata cha kwanza, akapata cha pili, cha tatu akakwaruza ubao. "Nimekuachia nafasi ya kulia vizuri, mkwe!" akaniambia.

"Shikamoo, mzee wangu. Subiri uone nani atalia."

Nikapata cha kwanza. Nikapata cha pili. Kikabaki cha tatu. Nilimtazama mzee. Alikuwa ameinamisha kichwa vilevile anavyofanya jioni mlangoni. Nikahisi vidole vyangu vinaikamata bunduki kama mchi.

Nyuma yangu mama mkwe akapiga kelele, "Legeza, mama! Legeza!"

Uwanja mzima ukacheka. Nami nikacheka, na kucheka kukanifungua vidole. Nikatoa pumzi, bunduki ikalala kiganjani, nikavuta. Sikuinua kichwa.

Ting.

Vigelegele vilipasua anga. Mtani akavua kofia, akaitupa chini, akaiokota, akasema mwakani ataoa mke wa Tanga. Mzee akainuka na fimbo yake, akaja taratibu akiifuata sauti yangu, akasimama mbali kidogo, pale adabu inapoishia. Nikamgeukia mama mkwe, kama ilivyo desturi, ningoje neno langu.

Lakini mzee akasema kwa Kiswahili. "Mwanangu, jioni nitajua ng'ombe wangu wako wapi. Wabeja sana."

Mama mkwe alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika. Nikaendelea kumtazama, nikingoja tafsiri.

"Unanitazamia nini?" akasema. "Si umesikia mwenyewe."