Kikombe cha Mashavu Mawili

Kila asubuhi, kabla uji wa mahindi haujachemka, Ade humuuliza mkewe, Anya, swali lile lile.

"Mama Ruti, jana nilimkosea nani?"

Anya huwa hana haraka. Hukoroga uji, hupuliza moto, hufikiri. Siku nyingine hujibu, "Mimi. Ulisema mboga yangu ina chumvi kama machozi ya mjane." Siku nyingine, "Jirani. Ulimpita kama gogo." Siku moja alisema, "Mbuzi. Ulimpiga teke bure." Ade akainuka kweli, akaenda zizini, akamkuna yule mbuzi katikati ya pembe mpaka Anya akaja kumwita huku anacheka, uji unapoa.

Ade hagusi chakula kabla hajakwenda kupatana na aliyemkosea. Huu ni mwaka wa saba.

Zamani alikuwa mtu mwingine. Watoto walimtambua kwa nyayo zake kwenye matope. Nyayo za watu wengine huenda njia moja, za Ade zilikuwa zinagombana. Alilala mitaroni, akaamkia kwenye mashamba ya watu.

Kwetu sisi Walisu, watu wa bonde la Mto Nu, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye hubaki na wazazi, na moto wao huwa wake kuutunza. Ade ndiye wa mwisho. Baba yao alipokufa, mama akawa mikononi mwake, na mikono yenyewe haikuwa na nafasi, ilikuwa imeshika kikombe. Majira fulani ya baridi Anya alikwenda kwao kumuuguza dada yake. Ade akachukua blanketi la mama, lile zito la katani alilofuma mwenyewe akiwa msichana, akalibadilisha kwa mtungi wa pombe ya mahindi. Akanywa, akaanguka kando ya meko, moto ukazimika. Asubuhi kaka yake, Apu, alipita kuwajulia hali. Alimkuta mama amejikunja ndani ya gunia, midomo imekauka kwa baridi, na Ade anakoroma.  Apu alimbeba mama mgongoni, akavuka naye daraja la Mto Nu, akaenda naye kwake ng'ambo. Hiyo ni miaka tisa iliyopita.

Ungedhani hapo ndipo Ade alipozinduka. Wapi! Alizidi kunywa, ili asijione.

Kilichomfikisha kanisani ni sauti. Kwaya yetu huimba kwa sauti nne, na yule wa besi alikuwa amehamia mjini. Mwalimu wa kwaya, mama mmoja mkali aitwaye Akya, akasema, "Leteni yule mlevi. Akiwa mtaroni huwa anaimba besi safi kabisa."

Wakamleta. Akya akamwonyesha mwisho wa benchi. "Kaa hapo. Imba, lakini usitupumulie."

Alikwenda kwa sababu ya kusifiwa, hilo mwenyewe halifichi. Ila maneno ya nyimbo yakawa yanabaki naye hata akitoka. Jumatano moja, wakiwa mazoezini, alinyamaza katikati ya wimbo, na besi ikikosekana wimbo wote huyumba.

"Hili tunaloimba, la Yesu kuchukua makosa ya watu," akasema, "ni kweli, au tunapendezesha tu?"

"Ni kweli," Akya akasema.

"Hata kwa mtu aliyeuza blanketi la mama yake?"

Akya akafunga kitabu cha nyimbo. "Kwa huyo ndiyo hasa, mdogo wangu."

Ade alilia pale pale kwenye benchi, kamasi na yote. Akaenda kumwaga mtungi wake. Kisha akaugua wiki tatu, anatetemeka, anatapika, anaona panya ukutani ambao hawapo. Watu wa kwaya walipokezana kukaa naye. Walimfulia nguo, walimlisha uji, wakamwimbia polepole. Mwaka ule wa kwanza alianguka tena mara mbili. Mara zote mbili walimfuata, na alipoingia kanisani hakuna aliyemuuliza kitu. Walisogea tu, apate pa kukaa.

Ndiyo maana ukimsifu kwamba ameshinda pombe, anakataa. "Mimi? Mimi nimebebwa. Bwana alinibeba, tena akatumia mabega ya watu."

Tangu hapo kila Jumamosi alivuka daraja na mzigo wa kuni, akaushusha mbele ya nyumba ya Apu. Mama alitoka kumpokea. Apu alitazama pembeni.

Sasa, majira haya ya baridi, Apu akaamua kujenga nyumba mpya. Kwetu nyumba hujengwa kwa siku moja: jua likichomoza nguzo zinasimama, jua likizama moshi unatoka. Na Apu alikuwa ametangaza, "Mama akishalala ndani ya nyumba hii, habari ya Ade imekwisha. Mama hatoki tena."

Ade alipoambiwa hakula. Mama alikuwa na miaka themanini na moja. Ade alitaka mama aishie kwenye meko yake mwenyewe, akitunzwa na yule aliyemtupa.

Alfajiri ya siku ya ujenzi akafika na shoka lake. Siku hiyo hakuna anayefukuza mikono. Apu akamwonyesha rundo la mianzi kwa kidevu, na Ade akapasua mianzi ya sakafu tangu asubuhi.

"Mlokole!" kijana mmoja akamwita kutoka juu ya paa. "Si uombe tu nguzo zijisimamishe?"

"Nimeomba," Ade akasema. "Nimejibiwa kazi hiyo ni yako."

Watu wakacheka. Apu naye alicheka, akageuza uso asionekane.

Jua likiwa bado juu ya mlima, meko mapya yakawashwa. Mama akaketishwa mahali pa heshima. Kuku wakapikwa kwa pombe kama ilivyo desturi. Ade akaomba mahindi ya kuchemsha. Alipomaliza kula akaenda kusimama mbele ya kaka yake.

"Kaka, naomba mama arudi nyumbani."

 Apu akajaza pombe kikombe cha mwanzi.

"Sawa. Weka shavu hapa, tunywe. Kisha mchukue."

Hicho ndicho kikombe cha moyo mmoja. Wawili hugusanisha mashavu, midomo yao hukaa kwenye kikombe kimoja, hunywa pamoja mpaka mwisho. Wakimaliza, kinyongo hakipo tena.

Ade akakifunika kikombe kwa kiganja. "Kaka, tia maji. Tia chai. Hata maji ya mto, nitakunywa na wewe yote."

"Maji hunywa ng'ombe! Nakupa undugu mbele za watu, wewe unanipa maji?"

"Nikinywa hiyo, atakayemchukua mama siyo mimi. Ni yule uliyemkuta anakoroma."

"Basi nenda! Kanisa lako likuzalie mama mwingine."

Ade akamtazama mama yake. Kisha akapiga magoti mbele ya Apu. "Miaka tisa umebeba mzigo uliokuwa wangu, nami sijawahi kukushukuru. Asante, kaka. Asante kwa kila bakuli la uji ulilompa." Akachukua shoka lake, akageukia ngazi ya kushukia nje.

"Ade, simama hapo hapo," mama akasema. Mama huyu hajawahi kukanyaga kanisani. "Na wewe Apu. Aliyelala kwenye gunia ni nani?"

"Wewe, mama."

"Sasa wewe unadai kikombe cha nini? Mwenye kidonda si mimi? Kila Jumamosi namwambia inama nikubariki. Mjinga huyu anadhani nambariki. Nanusa mdomo wake! Miaka saba nanusa, nimeambulia harufu ya vitunguu tu."

Watu waliangua kicheko mpaka sakafu mpya ikalia. Mama akamvuta Apu kwa sikio, akabandika shavu lake kwenye la mwanawe, wakanywa mpaka mwisho.

"Haya," akasema, "cha Ade nimekinywa mimi. Asante, mwanangu. Umenitunza vizuri."

Apu alikuwa analia sasa, hafichi. "Mama, nyumba hii nimekujengea wewe."

"Najua. Ni nzuri. Kaa nayo na mkeo."

Akashika fimbo yake, akashuka ngazi moja moja. Ade akanyoosha mkono. "Usinishike, mimi si yai," akamwambia. Akapita katikati ya maganda ya mianzi, akashika njia ya darajani, Ade nyuma yake na kifurushi cha nguo zake. Mama hakulala hata usiku mmoja ndani ya nyumba ile, wala hakurudi.