Wiki Tuliyokamua Bila Mama

Wiki iliyopita nilishuka stendi ya Omurushaka na watoto watatu, mabegi manne na kichwa kinachogonga, nikakodi bodaboda mbili mpaka nyumbani Bugene. Kabla hatujafika, harufu ikatupokea njiani: moshi unaotoka ardhini, umechanganyika na utamu wa ndizi zinazoanza kuiva. Jirani alikuwa amefukia ndizi zake kwa ajili ya Krismasi. Mwanangu wa kwanza akaziba pua, akauliza nini kinaungua. Nikamwambia hakiungui kitu, kinaivishwa. Nikamwambia dereva aongeze mwendo.

Wewe rafiki yangu kama hukukulia kwenye migomba, ngoja nikueleze. Shimo linachimbwa, linapashwa moto, linatandikwa majani ya mgomba. Ndizi zinapangwa humo, zinafunikwa majani na udongo, zinaachwa siku nne au tano. Zikishaiva zinamenywa na kumwagwa kwenye mtumbwi wa kukamulia, yaani gogo refu lililochongwa katikati. Mwanaume anaosha miguu mpaka magotini, anaingia, anazikanyaga pamoja na nyasi mpaka maji yatoke. Maji yale yakitiwa mtama na kulala, yanakuwa rubisi, pombe ya wakubwa. Lakini kabla hayajatiwa mtama ni ya watoto. Utamu wake sina namna ya kukueleza. Soda ikae pembeni kabisa.

Kwetu wiki ya Krismasi ilikuwa vurugu tupu. Mwaka ninaousimulia tulikuwa watoto watano, mimi mkubwa, nina miaka kumi, na mdogo wetu wa mwisho alikuwa ametimiza mwaka na miezi michache. Nyasi kuukuu za sebuleni zilitolewa, tukatumwa mlimani kukata mpya za kutandika. Kuta zilisiribwa upya. Kila mtoto alikuwa na mstari wake wa kusema kanisani, na tuliukariri huku tunasugua masufuria kwa majivu, hata mistari ikaingiliana, huyu anasema wa yule. Nguo zetu zilikatwa kwenye jora moja. Tukijipanga tulifanana kama mapazia ya nyumba moja, na wenzetu walitucheka, nasi tukaringa vilevile.

Mwaka huo mama hakuwepo. Dada yake alikuwa amelazwa hospitali upande wa Kyerwa, na zamu ya kumuuguza ilimwangukia yeye. Mdogo wetu alikuwa ameachishwa ziwa, basi mama akamwacha kwa bibi, mama yake baba, ambaye nyumba yake ilikuwa hapohapo uani. Baba alikuwa kazini Mwanza, tukimtegemea mkesha wa Krismasi. Asubuhi ya safari mama alinivuta nyuma ya jiko akanishika bega.

"Huyu mtoto akichemka, msimsubiri mtu. Apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Mambo ya kung'oa meno sitaki. Mwambie bibi yako nimesema hivyo."

"Ndiyo, mama."

"Umwambie leo."

Unaweza kushangaa kwa nini hakumwambia mwenyewe. Bibi alikuwa mita ishirini tu, anapepeta maharage. Lakini mkwe wa kwetu hakusimama mbele ya mama mkwe wake akamwambia hiki nataka, hiki sitaki. Jambo zito lilipitishwa kwa mtoto, ili mkubwa alisikie bila kuvunjiwa heshima. Ndivyo tulivyokuwa tunaishi. Na kule kwetu watu wengi waliamini kuwa mtoto akiharisha na kuchemka, ndani ya fizi kuna meno mabaya, meno ya plastiki, na yasipotolewa yanaua. Mama hakuliamini hilo. Bibi aliliamini nusu.

Siku ile sikumwambia. Nilitumwa maji, nikatumwa kuni, nikasahau. Kesho yake nikakumbuka, nikasema nitamwambia jioni.

Siku ya kukamua tuliamkia kumenya ndizi. Baba mdogo alikuwa ameshakunja suruali, anaosha miguu kwa sabuni huku anaimba, nasi tunamzunguka na vikombe. Mdogo wetu alikuwa ameharisha tangu alfajiri. Bibi alimbeba, akamgusa paji la uso, akampitishia kidole kwenye fizi, akaniita pembeni.

"Mtoto anachemka huyu. Mama yako aliacha neno gani juu yake?"

Nilielewa swali vizuri kabisa. Nisijitetee. Nilijua nikisema ukweli, bibi atanifunga yule mtoto mgongoni nivuke naye mlima, nikakae kwenye benchi la zahanati mpaka jua lipinduke, na nikirudi maji matamu yatakuwa yameshatiwa mtama. Nilitazama mtumbwi. Nikamtazama bibi.

"Hakuacha neno," nikasema.

"Hata moja?"

"Hata moja, bibi."

Alisimama kidogo, hana raha. Nakwambia haya ili usimwone mshenzi. Hakukimbilia jambo lile. Alinipa nafasi mara mbili. Kisha akatuma mtu amwite jirani, mama mmoja aliyejulikana kwa kazi ya kung'oa meno hayo. Akaja na spoku ya baiskeli iliyonolewa, ameifunga kwenye kipande cha kanga. Akamfungua mtoto mdomo, akaguna.

"Ndiyo yenyewe haya, waitu, jamani. Mmechelewa hata."

Nilikuwa kwenye mtumbwi nilipomsikia akilia. Wadogo zangu waliacha kunywa wakageuka. Mimi sikugeuka. Nilikunywa kikombe, nikachota kingine, nikanywa.

Kufika jioni alikuwa hanywi hata maji, damu inachuruzika kidogokidogo mdomoni. Asubuhi bibi alimbeba mwenyewe, na umri ule, akavuka mlima bila kunitazama. Zahanati wakampakia kwenye gari kwenda hospitali, na mama akaitwa huko. Madaktari walihangaika. Walisema ni malaria kali, damu imemwishia, na kama angefikishwa mapema angepona. Alifariki siku moja kabla ya Krismasi. Tulimzika kwenye migomba nyuma ya nyumba, amevaa kashati ka kitambaa chetu. Rubisi tuliyoikamua kwa ajili ya sikukuu ilinywewa na waombolezaji. Baba aliteremka kwenye basi akakuta turubai uani, na begi lake lina mpira wa kuchezea.

Hakuna aliyesema mstari kanisani mwaka ule. Siku ya tatu, watu wakiwa wamepungua, mama alifanya jambo ambalo mkwe hafanyi. Alisimama mbele ya bibi, sote tupo, akauliza kwa sauti:

"Ujumbe wangu ulifika, au haukufika?"

Bibi alikuwa hajui kama kuna ujumbe. Niliona anavyoshtuka. Akainua macho, akanitafuta mpaka akanipata kule nilikojibana mlangoni, nyuma ya wadogo zangu. Halafu akamgeukia mama.

"Ulifika," akasema. "Mimi ndiye niliyeukataa."

Bibi aliishi miaka tisa baada ya hapo. Mama alimwamkia shikamoo kila asubuhi huku anatazama pembeni, akampelekea chakula kwa mikono yetu, akamfulia shuka. Hakukaa naye tena. Hakumwita mama tena. Sikukuu zikija, bibi alikula nyumbani kwake peke yake, na sisi tulimsikia akikohoa. Nilipofika sekondari nilimwendea nikalia, nikamwambia nataka kusema. Alinikemea.

"Nyamaza! Mimi naondoka. Wewe utabaki na mama yako."

Nikanyamaza. Nikasema ni yeye aliyeniambia ninyamaze, na uongo huo nao ulinifaa. Nikaolewa, nikazaa, na kila mtoto wangu akipata joto nilikimbia naye hospitali bila viatu, wauguzi wakanicheka. Siku ya mazishi ya bibi, kabla sijaolewa, mama alipika, akahudumia watu, akaosha vyombo. Hakulia. Shangazi zangu wakamsema kwa hilo, nami nikawaacha wamseme.

Sasa kwetu mambo yote yale hayapo. Sebuleni kuna sementi, nani atakata nyasi. Mtumbwi ulioza, baba mdogo akaupasua kuni. Siku hizi rubisi tunanunua kwenye madumu, na watoto wangu wakionjeshwa maji ya ndizi wanakunja uso. Yule jirani wa spoku naye amekufa, na kina mama wa kliniki wanakemea jambo hilo kwa kipaza sauti. Nyumba ya bibi imebaki msingi tu. Nikiipita nageuza uso.

Jana mchana, watoto wakicheza nje, tulikaa mimi na mama tunamenya ndizi za chakula. Sijui ni ile harufu ya kwa jirani au ni uzee tu. Nilimwambia. Nilimwambia yote, tangu nyuma ya jiko mpaka mlangoni, bila kuruka hata kikombe. Mama alisikiliza kisu kikiwa kimesimama ndani ya ganda. Nilingoja anipige. Mungu anisamehe, nilitamani anipige.

"Mawe," akasema taratibu, kwa lugha ya kwetu, kama anayemwita mama yake mzazi. Kisha akakichomoa kisu.

"Nilimnyima bibi yako hata pole. Miaka tisa. Ungeniambia akiwa hai."

Akaendelea kumenya. Krismasi ni keshokutwa, na mpaka naandika haya hajanisemesha.